Nyumba ya Kupita

Mwalimu wangu wa Kiswahili bado yuko hai, na mimi namwombea maisha marefu. Msinielewe vibaya. Namwombea maisha kwa sababu akifa leo nitakuwa sijamalizana naye.

Jina lake silitaji. Si kwa heshima. Yeye hakuwahi kulitaja jina la baba yangu, hata siku aliyosimama mbele ya jeneza lake na kipaza sauti mkononi. Alisema "huyu bwana". Basi na yeye abaki Mwalimu, inamtosha.

Alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko watoto wake mwenyewe: kupita. Kitu cha kupita, jambo la kupita, mtu wa kupita. Kila mwaka alianza darasa la sita kwa neno hilo. Alichora mstari katikati ya ubao, upande huu akaandika VYA KUDUMU, upande ule VYA KUPITA, kisha akatutaka tumtajie vitu. Povu la sabuni. Kupita. Upinde wa mvua. Kupita. Jiwe la kusagia. Kudumu. Mmoja akasema magugu ya ziwani, yale ya kijani yanayofunika maji hadi mashua zinakwama ufukweni Dunga, na hapo darasa likagawanyika, maana upepo huyachukua leo na kesho ukayarudisha. Mwalimu alifikiri, akayaandika juu ya ule mstari wenyewe. "Haya yanapita kila siku na hayaishi," alisema. Mwingine akataja omena, dagaa wa ziwani. Mwalimu akasema omena ni wa kupita, kinachodumu ni harufu, na tulicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia.

Msimu wa wale wadudu wa ziwani ulikuwa sikukuu yake. Mnawajua, wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi wa jikoni, wakaingia mjini, wakajaa kwenye taa na ukutani, na asubuhi ukawafagia kwa ufagio. Alitupeleka dirishani akatuonyesha rundo lao. "Huyu alizaliwa, akaoa, akafa, na wewe hujamaliza kazi ya nyumbani," alituambia. Alikuwa hata anatenganisha vitu ambavyo sisi tuliviona sawa. Cha muda, alisema, kimewekewa mwisho na mtu. Cha kupita kinakwisha chenyewe na hakuna anayekiuliza. Hema la mkutano ni la muda. Umande ni wa kupita. Na ole wako useme "kitambo" ukimaanisha zamani, kama tunavyosema sote hapa Kisumu. Alikusimamisha mlangoni mpaka ukubali kwamba kitambo ni muda mfupi.

Alifundisha vizuri. Nachukia kuiandika sentensi hiyo, lakini ndiyo hiyo. Kiswahili hiki ninachomsemea ubaya wake ni yeye aliyenipa.

Ubaya ni kwamba neno lake halikubaki ubaoni. Lilishuka likaanza kutembea kati yetu. Sisi tuliotoka vyumba vya kupanga Nyalenda, ambao wazazi wetu walihama kila mwenye nyumba alipokasirika, alituita wanafunzi wa kupita. Alituketisha nyuma. Vitabu vilianza mbele vikaisha kabla ya kutufikia. Madawati ya shule yalikuwa ya wale wa kudumu. Sisi tuliambiwa anayetaka kukaa alete lake, la sivyo sakafu ipo. Mwalimu mkuu alijua na hakusema kitu, maana Mwalimu alipitisha watoto mtihani.

Baba yangu alifanya kazi kwenye yadi ya mbao ya Mhindi mmoja mjini. Alipakia, alipanga, alipiga randa, alijua mbao kwa kunusa. Kwao ni Pap Onditi, huko Nyakach, na huko hakuwa na nyumba. Kila mtu wa kwetu anaelewa hilo ni jambo gani. Mwanamume asiye na nyumba kwenye dala, yaani boma, ya baba yake ni kama hajafika duniani, na akifa haletwi hivyo hivyo kuzikwa. Lazima ndugu wasimamishe nyumba kwanza, hata ya siku moja, miti na mabati na mlango, ndipo jeneza liingie bomani. Baba hakutaka kujengewa akiwa maiti. Alikuwa anaanza na mlango. Mwajiri wake alimruhusu kujichagulia vipande vya mvule vilivyobaki, naye akavikusanya taratibu, akaviunganisha, akalainisha, akatoboa tundu la kitasa. Mlango ulikuwa umeegemea ukuta wa chumba chetu, na mimi nilikuwa nachungulia kwenye lile tundu nikijifanya niko Pap Onditi.

Nilirudi nyumbani na habari ya dawati. Kesho yake Baba aliukata ule mlango.

Alilileta dawati shuleni begani, akalitua mbele ya Mwalimu. Nilikuwa nimesimama hapo hapo.

"Mwalimu, nimeleta deski ya huyu msichana," alisema. "Hii mbao nilikuwa nimewekea mlango ya nyumba, huko nyumbani. Lakini wacha asome kwanza. Nyumba itangoja."

"Mlango wa nyumba, Bwana," Mwalimu alimjibu. "Si mlango ya."

Baba alisema asante. Akanishika kichwa, akarudi kazini. Mimi nilisoma miaka mitatu kwenye dawati lenye tundu la kitasa katikati. Wenzangu walicheka, kalamu zangu zilidondokea humo, lakini lilikuwa dawati zito kuliko yote darasani na halikutikisika. Nilipomaliza darasa la nane Baba alikwenda kulichukua. Mwalimu alimwambia kitu kikishaingia shule ni cha shule.

Nirudi kwenye tabia zake, maana mtu hajengwi na ubaya peke yake. Alipenda wageni, ila aliwapima. Mkewe alikuwa na maagizo: mgeni wa kulala anawekewa sukari, mgeni wa kupita anapewa chai kavu, bila sukari. Wala hakuficha. Ukikaribishwa ukaonja, ukajua mara moja unahesabiwa wapi. Nilitumwa kwake mara nyingi kupeleka daftari za darasa, na mara zote chai yake ilikuwa chungu. Lakini mbwa wake alipogongwa na gari, mtu huyo huyo alilia barabarani bila kujificha, akamzika kwa blanketi jipya, na hakuna aliyethubutu kumwambia mbwa ni wa kupita.

Na hakuwa mtu wa kutupa kitu. Hili lilinishangaza toka utotoni. Mtu aliyehubiri kwamba vyote vinakwenda alihifadhi takataka zote za dunia. Ukuta wake ulikuwa na kalenda za miaka iliyokwisha, moja juu ya nyingine, hakuna iliyobanduliwa. Tiketi, kadi za harusi, utepe wa keki, vijitabu vya matanga vyenye picha ya marehemu, vyote aliviweka kwenye mikebe ya biskuti. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, yeye, nilisikia, alikuwa na droo nzima, imekunjwa kama nguo za kanisani. Nilimwuliza mara moja, utotoni, kwa nini. Akasema, "Mtu lazima avionee huruma." Vitu alivionea huruma.

Sasa nifike pale ninapochelewa kufika kila nikisimulia.

Baba alianguka pale yadi, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Nilikuwa nimemaliza sekondari. Pap Onditi hakukuwa na nyumba, kwa hiyo baba zangu wadogo wakafanya kile Baba alichokiogopa. Mhindi wake alitoa lori, akaja mwenyewe akiwa amekaa mbele na dereva, na mabati na miti nyuma. "Mama, pole sana," alimwambia mama yangu. "Hii mbao chukua mzuri. Yeye mwenyewe alipanga hii juzi." Nyumba ilisimamishwa asubuhi, chumba kimoja, mlango wa bati. Mchana jeneza likaingia.

Mwalimu alikuja na basi la majirani. Alikuwa mtu wa kualikwa kuzungumza; sauti yake ilijulikana. Mwongoza shughuli akampa kipaza sauti, na mimi, mjinga, nilifurahi. Nilidhani atasema kwamba bwana huyu alileta dawati.

Alianza kwa salamu nzuri. Kisha akaigeukia ile nyumba, akainyooshea mkono.

"Binti wa huyu bwana nilimfundisha mimi," alisema. "Nilimfundisha tofauti ya cha muda na cha kupita. Sasa tazameni. Hii si nyumba ya muda, ndugu zangu, hii ni nyumba ya kupita. Huyu bwana ameshika mbao za watu maisha yake yote, na ya kwake hakuishika hata moja. Vijana, msiishi hivyo. Jengeni!"

Watu walicheka. Matanga yetu yana kicheko, hilo silikatai, na waliocheka hawakujua. Yeye alijua. Ule mlango aliuona kwa macho yake, aliambiwa na mwenye mlango, na siku hiyo, ukiwa dawati alilosema ni la shule, ulikuwa kwake nyumbani. Mama aliinamisha kichwa mpaka kitambaa kikamfunika uso. Mimi nilitazama kile kipaza sauti mkononi mwake, nikajua ninachokitaka maishani.

Ndiyo maana nikaingia kazi hii. Watu wanadhani ni biashara tu. Nilianza na viti vichache na hema moja lenye viraka, leo nakodisha mahema, viti, jenereta na spika, Kisumu, Nyakach, Siaya, mpaka Bondo. Bondo ndiko kwao Mwalimu. Katika matanga kuna askofu, kuna chifu, kuna wanasiasa, lakini anayeamua nani asikike ni mwenye spika. Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba nilinunua spika ya kwanza kwa ajili ya mazishi ya mtu mmoja ambaye hajafa.

Ile nyumba ya Pap Onditi haikupita. Mama alikataa kurudi mjini. Mjane hukaa penye nyumba ya mumewe, akasema, na nyumba ndiyo hii. Alikandika udongo ndani, akapanda maua ya njano mbele. Mafuriko yalifika kizingitini yakarudi. Mabati yameshika kutu, na mvua ikinyesha hamsikilizani humo ndani, lakini imesimama.

Mwalimu alijenga ya mawe, mjini, kando ya barabara kuu. Bondo hakujenga hata choo. Alisema kijijini ni kwa watu waliokosa akili ya kuishi mjini. Juu ya mlango aliandika kwa rangi ya buluu: MAKAO YA KUDUMU. Kisha barabara ikatakiwa kupanuliwa, wakaja watu na rangi nyekundu wakachora alama ya mkasi, ile ya kubomolewa, kwenye ukuta wake, chini kidogo ya yale maandishi. Majirani walihama. Yeye aliwaambia hiyo alama ni ya kupita.

Siku ya tingatinga nilikwenda. Nilichukua kiti kimoja cha plastiki kutoka stoo yangu, nikakiweka upande wa pili wa barabara, nikakaa nikanunua na njugu. Sioni haya kusema. Vijana walikuwa wakimtolea vitu vyake mbio mbio: magodoro, mikebe ya biskuti, kalenda. Mvua ilianza, mikebe ikafunguka, na vile vijitabu vya matanga vyote vikashikana vikawa uji. Halafu wakatoa dawati langu.

Nilivuka barabara.

"Hiyo deski ni yangu," nikawaambia.

"Ati yako? Mathee, si tumetoa kwa mzee saa hii," kijana mmoja akanijibu.

"Iko na shimo ya kufuli hapo katikati. Ushaona deski ya aina gani iko na kufuli?"

Wakamtazama Mwalimu. Alikuwa amesimama na mwavuli, ukuta wake unakwenda chini nyuma yake. Alinitazama, akaliangalia lile tundu. "Mpeni," alisema. Nikalipakia kwenye pikapu yangu, nikalipeleka Pap Onditi siku hiyo hiyo.

Hiyo ingetosha kwa mtu mwingine. Mama aliona imetosha. Aliniambia nilijengee kaburi la Baba kwa simenti sasa, maana msalaba wa mbao uliliwa na mchwa na mahali hapo hapana maandishi, ni majani tu. "Baba yenu analala bila jina," alisema. Nikamwambia nitaandika, lakini si sasa. Hakuuliza zaidi. Ananijua.

Mwaka huu, mvua zilipopungua, nilikuwa kwa Mama nikimsaidia kupukuchua mahindi, tukasikia pikipiki inazima. Mwalimu akashuka. Koti lile lile, fimbo mpya, miguu imevimba. Siku hizi amepanga chumba Nyalenda. Nyalenda!

"Hodi, Nyar Nyakach," aliniita. Hivyo ndivyo alivyoniita toka utotoni, binti wa Nyakach, maana majina yangu ni la kanisani na la kuzaliwa tu, la Baba halimo, na hata hayo sidhani aliyashika.

"Karibu, Japuonj, karibu ndani," Mama akasema, akimwita mwalimu kwa Kijaluo, akampangusia kiti.

Akaingia ndani ya ile nyumba. Ilibidi ainame. Nilivuta dawati nikaliweka mbele yake, nikamletea chai. Aliweka kidole kwenye tundu la kitasa, akakitoa. Akaonja chai, akakiweka kikombe chini. Aliielewa. Ni yeye aliyetunga sheria hiyo.

"Ndugu zangu wa Bondo wamekataa kunijengea sasa," alisema mwishowe. "Wanasema nilikuwa na uwezo na niliwadharau. Watajenga siku yenyewe."

"Siku gani, Mwalimu?"

"Usinitese, binti. Wameniambia mahema yatakuwa yako."

"Mimi huitwa kila mahali."

"Ndiyo. Na kipaza sauti." Alishika fimbo kwa mikono miwili. "Nyumba ya mabati naikubali. Nitafanyaje? Lakini naomba neno lile usiliseme. Wala usimpe mtu aliseme hapo. Nimefundisha nusu ya watu watakaokuja. Watacheka."

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu usichana wangu, nimejifunza mpaka la kujibu, tena Kiswahili sanifu, kusudi asipate la kusahihisha. Lakini nilipofungua mdomo lilitoka jingine kabisa.

"Nitakuahidi. Nitaahidi hapa mbele ya Mama. Sema tu jina la baba yangu."

Alifungua kinywa. Nilimwona akitafuta, kwanza haraka kama mtu anayejua alipoweka kitu, halafu polepole. Aliangalia dawati. Aliangalia bati. Alisema, "Nilikuwa na kijitabu chake, cha matanga. Kilikuwa kwenye mkebe." Wote wawili tulijua mikebe ilikwenda wapi. Akamgeukia Mama.

"Mama, nisaidie."

Mama hakuacha kupukuchua. "Mimi, Japuonj, nilikuwa namwita wuon nyithinda," alisema. "Baba ya watoto wangu. Hiyo tu. Mke hawezi kuita bwana yake jina hivi hivi."

Hilo ni kweli, wanawake wa umri wake wengi hawawataji waume zao. Kweli pia kwamba Mama amelidarizi jina hilo kwenye khanga aliyouvika mto wake. Sikumtazama.

Mwalimu alitoka nje, akaenda mpaka kwenye kaburi, akainama na fimbo yake akiyatenganisha majani. Alisimama hapo muda mrefu. Kisha akarudi kwenye pikipiki, na mimi nikamsindikiza hadi kwenye lango, kama inavyopaswa.

"Ukilipata, rudi," nikamwambia. "Ahadi yangu bado ipo."

Niliporudi ndani Mama alikuwa ameshika kile kikombe, kimejaa vile vile.

"Kwani sukari imeisha?" aliuliza.

"Ipo, Mama. Alikuwa anapita tu."

Sasa nasikia kutoka mjini kwamba anazunguka Nyalenda na fimbo yake, nyumba kwa nyumba, akiuliza yule bwana wa mbao aliyekaa hapa zamani aliitwa nani. Amekwenda hata kule yadi. Yule Mhindi alishafariki na wanawe waliuza. Nyalenda wanamjibu vizuri, wanampa na kiti. Lakini wapangaji wa miaka ile, wale waliotujua, wote walishahama.